Uongo wa kortini una jela, wa jukwaani una king'ora

Msomaji, ushawahi kula kiapo kortini? Mimi nimekula mara moja. Niliona boda boda ikigongwa na matatu, nikaitwa kutoa ushahidi. Karani alinipa Biblia, nikaapa kusema ukweli mtupu, na kijasho kikanitoka kabla hata ya swali la kwanza. Wakili akaniuliza taa za barabarani zilikuwa za rangi gani. Nusura niseme nyekundu, juu kila mtu pale stejini alisema nyekundu. Nikajibu sikuona. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 108, inasema ukidanganya makusudi kwa kesi kuhusu jambo zito, ni kosa. Adhabu inaweza kufika miaka 7.

Sasa turudi 2013. Kampeni ya Jubilee iliahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Mdogo wangu aliingia darasa hilo 2014. Mamangu, ambaye huuza mboga, aliamini kabisa, hata akamshonea mkoba wa kuibebea. Vifaa vilianza kufika shuleni 2016, tena tableti, kijana tayari yuko la tatu. Alimaliza la nane bila kugusa hata moja. Mkoba siku hizi hubeba viazi. Nani alishtakiwa? Hakuna.

Na kusema kweli, hata mimi singetaka mtu afungwe kwa kila ahadi iliyokwama. Ushahidi ni wa jambo lililokwisha kutokea. Ahadi ni ya kesho, na kesho ina mambo yake. Nani alijua Corona inakuja 2020? Mimi mwenyewe nilimwahidi mamangu digrii. Karo ikakatika mwaka wa pili, nikatoka chuo. Sikumdanganya, nilishindwa. (Yeye bado hutaja, lakini hiyo ni kesi ya nyumbani.)

Shida yangu ni ahadi ambayo mwenye kuitoa anajua, maikrofoni ikiwa mkononi, kwamba haiwezekani. Mtu anawania udiwani halafu anaahidi kutujengea chuo kikuu, ilhali Katiba imeweka vyuo vikuu chini ya serikali ya kitaifa, si kaunti. Huyo hajashindwa kutimiza kitu. Amedanganya siku ileile aliyosema.

Akishinda ataapa, ndio, lakini kiapo chake ni cha kuitii na kuilinda Katiba. Chuo chetu hakimo. Utasema basi tumrudishe nyumbani mapema. Kwa wabunge, kifungu cha 104 cha Katiba kinatupa haki hiyo, ila 2017 Mahakama Kuu ilifuta vipengele kadhaa vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoeleza jinsi ya kuitumia. Kwa hivyo kilichobaki mkononi mwetu, kwa kawaida, ni kungoja miaka mitano.

Juzi mgombea mmoja alikuja mtaani kwetu na hadithi ya chuo. Nikainua mkono, nikamwomba aiandike kwa hati ya kiapo, aonyeshe pesa zitatoka wapi, aweke sahihi mbele ya kamishna wa viapo. Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, akanipa noti ya mia mbili, ati nikanywe soda. Sijainywa. Noti iko ndani ya simu, nyuma ya kava, na Agosti 10, 2027 nitapanga nayo foleni.