Hailaita Haijawahi Kupitisha Mtu

Ingia maktaba yoyote wiki moja kabla ya mtihani na utaona sinema ile ile. Msee amefungua kitabu, ana hailaita tatu, na ukurasa mzima unawaka kama matatu ya Rongai usiku. Kila mstari ni wa manjano. Sasa kama kila kitu ni muhimu, muhimu ni kipi? Anasoma huo ukurasa mara ya tatu, anatikisa kichwa, anajiambia "hii naijua," anafunga kitabu. Siku ya mtihani, swali la kwanza tu, akili nyeupe pe!

Halafu matokeo yakitoka anasema kitu kinachoniuma kuliko hiyo alama yenyewe: "Mimi tu si mtu wa vitabu."

Manze, hapana. Kwa miaka yote ya shule tulifunzwa usanisinuru, tukafunzwa ngeli, tukafunzwa kutafuta eksi. Lakini jinsi ya kuingiza kitu kichwani kikae? Hakuna kipindi cha hiyo. Tuliambiwa "someni kwa bidii" na mambo yakaishia hapo, kana kwamba bidii ni mbinu. Mtu anatia bidii kwa njia isiyofanya kazi, anafeli, halafu anaamini shida ni kichwa chake. (Ndio, najua, niliacha chuo na mtauliza natoa wapi mdomo. Niliacha sababu ya karo. Mitihani niliyoketi nilipita.)

Fikiria wimbo unaoupenda. Ukipigwa kwa matatu unaimba wote, hata zile adlibu. Sasa zima redio uimbe peke yako, uone kama utafika ubeti wa pili. Kutambua kitu kikiwa mbele yako na kukitoa kichwani mwenyewe ni kazi mbili tofauti, na mtihani unakupima hiyo ya pili. Wewe ukirudia kusoma noti, unafanya mazoezi ya ile ya kwanza.

Hii si maneno yangu ya kibanda. Mwaka wa 2006 watafiti wawili Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi wasome, kimoja kuhusu jua, kingine kuhusu fisi-maji. Kifungu kingine walikirudia kusoma, kingine wakaambiwa waandike kila wanachokumbuka bila kukiangalia. Baada ya dakika 5, kurudia kusoma kulishinda: asilimia 81 kwa 75. Hapo ndipo wengi wetu hudanganyika. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, walioandika kutoka kichwani asilimia 56. Na katika jaribio lao la pili, waliorudia kusoma mara nyingi ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba watakumbuka. Yaani njia mbovu ndiyo inayokupa raha.

Basi chukua mzunguko wa damu, ile Biolojia ya kidato cha pili. Soma mara moja, polepole. Funga kitabu. Chukua karatasi tupu, chora moyo, fuata damu kutoka mwilini: inaingia upande gani, inapita vali gani, inatoka kwenda mapafu kupitia wapi, inarudi wapi. Jiulize ni vena gani inabeba damu yenye oksijeni nyingi, kwa sababu hapo ndipo watu huanguka kila mwaka wakikariri kwamba ateri ni damu safi na vena ni damu chafu. (Ni ya mapafu, kama ulikuwa unajiuliza.) Utakwama. Baki hapo dakika moja mbili, sukuma kichwa, usikimbilie kitabu. Ukishashindwa kabisa, fungua, na utaona kitu cha ajabu: hiyo sehemu uliyokwama ndiyo macho yako yataidaka kwanza. Sasa umejua unachokosa. Hailaita haikuambii hivyo.

Hata mapepa ya miaka iliyopita watu huyatumia vibaya. Mtu anaketi na swali mkono wa kushoto na majibu mkono wa kulia, anasema "eeh, ni hivyo tu ningesema." Ungesema lini? Ficha majibu, weka saa, andika mpaka mwisho, halafu ndio usahihishe kwa kalamu nyekundu bila kujionea huruma. Na zile grupu za kujadili ambapo mmoja anaongea na sita wanaitikia "sawa, sawa"? Aliyesoma hapo ni mmoja, yule anayeongea. Zungusheni.

Kitu kingine ni kuachanisha siku. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha mwaka wa 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe akikariri silabi zisizo na maana, akaona kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua. Kwa hivyo saa tatu za Kemia Jumapili usiku ni afadhali uzikate: moja leo, moja kesho kutwa, moja wiki ijayo. Ukirudi utahisi umesahau kiasi. Poa, huko kutafuta ndiko kunakojenga.

Hapo sasa ndipo nagombana na shule zetu. Kuna bweni nyingi nchini watoto wanaamshwa saa kumi asubuhi waende prepu. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema muda wa kulala kwa wa bweni ni saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ni sheria, imeandikwa. Na usingizi si uvivu, ndio wakati ubongo unapanga ulichosoma mchana. Lakini mtoto anasinzia na kitabu wazi, mate yanadondoka kwa Jiografia, mwalimu wa zamu anapita dirishani anaona darasa limejaa, anaridhika. Tumezoea kuhesabu makalio kwa viti badala ya kilichoingia kichwani.

Na hii bidii ya bure ina bei. Katika KCSE, C na C+ zimeachana kwa pointi moja tu, lakini C+ ndiyo inayokufungulia mlango wa digrii. Mzazi wa Kayole anayeuza mboga anaongeza pesa ya tuisheni, ananunua kitabu cha marudio chenye jalada la kung'aa, mtoto anakwenda kukirudia kusoma mara nne. Sisemi mbinu inamaliza kila kitu. Kama mnagawana kitabu kimoja watu watano, au nyumbani ni chumba kimoja na runinga haizimwi, hiyo ni vita nyingine na si ya kulaumu mwanafunzi. Ila karatasi tupu haina karo. Nyuma ya daftari la mwaka jana inatosha, hata ndani ya gari ukirudi nyumbani unaweza kujiuliza maswali matano kimoyomoyo.

Kichekesho ni kwamba wale wa mwakenya walikaribia. Mtu anaketi saa mbili akichagua mambo makuu, anayafupisha, anayaandika kwa herufi ndogo kama sisimizi. Angeandika hiyo mwakenya bila kuangalia kitabu, kisha akajisahihisha, angeiacha nyumbani.