Foto za wafu wetu si za kuuzishwa kwa nyundo



Mwezi wa kumi na mbili 2022, nyumba moja ya munada kule Brussels, jina lake Vanderkindere, ilitia kwenye orodha yake mafuvu matatu ya watu yaliyotoka Kongo. Bei iliyopangwa: kati ya euro 750 na 1000. Fuvu moja lilikuwa na jina: Mwinyi Mohara, mukubwa wa Nyangwe kule Maniema, aliyeuawa mwezi wa kwanza 1893 katika vita ya askari wa mufalme Leopold. Watu walipiga kelele, nyumba ile ikaomba musamaha, mafuvu yakaondolewa.

Tunakumbusha hii juu kwa fuvu kila mutu anaelewa haraka. Lakini kwa foto, macho yetu yanalala.

Foto za vita za inchi yetu ziko zinauzishwa. Fungua telefone, tafuta masoko ya wakusanyaji wa vitu vya zamani, utaona: albamu za maafisa wa Force Publique, kadi za posta za safari ya Tabora, ule muji walioukamata tarehe 19 mwezi wa 9 1916. Soma maandishi yaliyo chini. Muzungu ana jina, ana cheo, pengine na medali. Pembeni yake wanaume kumi na masanduku kichwani. Wao wanaitwa "wabeba mizigo". Kwisha. Jeshi lile lilibebewa risasi na chakula na makumi ya maelfu ya watu kama hawa, wengi walikamatwa kwa nguvu, wengi hawakurudi. Leo muuzishaji anahesabu kama kona za karatasi hazijakunjika, na kama askari wameshika bunduki. Mateso yenyewe njo yanaongeza bei.

Tunajua watatuambia nini. "Kama si sisi wakusanyaji, hizi foto zingeoza. Kwenu kuna mvua, kuna panya, kuna vita." Ni kweli, hatutabisha. Kwetu nyumba zinachomwa. Lakini kutunza kitu na kukipigia nyundo ni mambo mawili. Daktari anayetunza mugonjwa hamuuzishe kwa mutu wa bei kubwa.

Na hatuseme foto za mateso zifichwe. Mwaka wa 1904, kule Baringa, mumisionari Alice Seeley Harris alipiga foto ya Nsala akiangalia mukono na muguu wa binti yake Boali. Ndiyo yote yaliyobaki ya mutoto. Foto ile na zingine zake zilizunguka Uingereza na Marekani, watu wakakasirika, na mwaka wa 1908 Leopold akanyanganywa Kongo yake. Angalia tofauti: tunajua jina la Nsala na la mutoto wake juu mupiga foto aliuliza, akaandika. Foto ilifanya kazi kwa ajili ya waliomo ndani yake. Ile ya munada inafanya kazi kwa ajili ya muuzishaji na munyundo wake.

Wengine watasema: ninyi vijana, muko na mauaji kila wiki, muko na njaa, munalia juu ya karatasi za zamani? Tunawajibu kwa franga, kwa sababu lugha ile inaeleweka.

Tarehe 9 mwezi wa 2 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 juu ya vita ya 1998 mpaka 2003. Serikali yetu iliomba zaidi ya bilioni 11. Kongo ilisema raia 180 000 walikufa. Majaji wakakubali kati ya 10 000 na 15 000. Beni na Butembo zilikuwa ndani ya madai, ninyi wenye kuwa na miaka zaidi ya 30 munakumbuka askari wa Uganda wakitembea katika miji yetu. Na mara kwa mara majaji walirudilia neno moja: ushahidi hautoshi.

Sasa jiulize: foto za miaka ile ziko wapi? Zingine ziliungua na nyumba. Zingine ziko kwenye makarto ya wapiga foto wa studio waliokwisha kufa, negative zimeshikana kama majani ya ndizi. Na zingine ziko Ulaya, ndani ya masanduku ya wale waliopita hapa na kamera shingoni. Kesho mujukuu wao atafungua sanduku, ataona mali, atapigia simu nyumba ya munada. Ushahidi wa mama yako utaingia saluni ya mutu asiyejua Beni iko upande gani.

Ubelgiji ilitunga sheria tarehe 3 mwezi wa 7 2022 juu ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni. Tulifurahi. Kisha tukasoma: inahusu vitu vya makumbusho ya serikali kuu tu, na imeacha inje mabaki ya watu na arshive. Foto nyingi, njo arshive hizo. Na iliyo mikononi mwa mutu binafsi, haiguswe kabisa. Wengine wanaweza kunyamaza juu ya shimo hilo. Sisi hatunyamaze.

Na inawezekana. Mwezi wa kumi na moja 2025, kule Neuss, Ujerumani, nyumba ya Felzmann ilitaka kuuzisha vitu zaidi ya 600 vya wakati wa Wanazi, na ndani barua za wafungwa wa kambi. Waliopona na jamaa zao walisema hapana, serikali ya Poland ikaingia, munada ukafutwa mbele ya kuanza. Wafu wale wako na watu wa kuwasemea. Wetu je?

Tunaomba wazi: foto yoyote ya vita ao ya mateso ya Kongo isipite kwenye munada mbele ya kopi nzuri kuletwa bure huku, kwenye vyuo vikuu vyetu na kwenye arshive ya taifa, na mbele ya familia kupewa nafasi ya kutambua watu wao. Serikali yetu iombe Ubelgiji ifungue sheria ile tena.

Lakini na sisi tujiangalie. Tangu mauaji yalipoanza tena huku Beni, mwezi wa kumi 2014, tumetuma foto ngapi za maiti kwenye WhatsApp? Bila jina, bila siku, bila fasi. Tunaongeza emoji ya machozi, tunapitisha. Foto ya namna ile haishuhudie kitu mbele ya jaji yeyote, na familia inaikuta kwenye telefone mbele ya kupata habari. Halafu kwenye matanga, foto inayowekwa kwenye meza ni ile ya kadi ya uchaguzi, imekuzwa mpaka uso umekuwa vipande-vipande, juu albamu iliungua Oicha ao Mbau na hakuna ingine.

Kwa hiyo kazi inaanza kwetu. Tutapita mutaa kwa mutaa, Butembo na Beni. Mama, baba, toa foto za zamani chini ya kitanda. Hatuzichukue. Tunapiga kopi mbele yako, unabaki na yako. Nyuma tunaandika jina, kijiji, mwaka, na nani alikuwa pembeni. Kalamu tutaleta sisi.