Bajeti ya binti haitoshi bila mkono wa sheria

KATIKA miaka ya karibuni wamejitokeza wajasiriamali wengi ambao biashara yao ni kuwafundisha wasichana namna ya kutunza fedha. Wapo wanaofundisha kumbini, wapo wanaouza vitabu na wapo wanaotumia simu za mkononi. Swali ambalo halijajibiwa vya kutosha ni hili: je, binti akishajua kupanga bajeti, atakuwa amesalimika?

Mfano unaofaa kulipima swali hilo ni Tiffany Aliche, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi wenye asili ya Nigeria, ambaye anajulikana zaidi kwa jina la kibiashara la The Budgetnista.

Aliche alikuwa mwalimu wa shule ya awali mjini Newark, katika jimbo la New Jersey. Mtikisiko wa uchumi uliopamba moto baada ya kuanguka kwa benki ya Lehman Brothers, Septemba 2008, haukumwacha salama. Mwaka 2009 alipoteza kazi, na hatimaye akapoteza pia nyumba aliyoinunua kwa mkopo. Kabla ya hapo alikuwa ametapeliwa na mtu aliyemwamini, akaachiwa deni la kadi za benki la dola 35,000.

Inafaa kuzingatia kwamba huyu hakuwa mtu asiyejua hesabu. Alilelewa katika familia iliyojali akiba, na baba yake alikuwa mtaalamu wa mambo ya fedha. Yaliyomwangusha ni mawili: ajira iliyokatika na utapeli. Hakuna daftari la matumizi, hata likiandikwa vizuri namna gani, linaloweza peke yake kuyazuia hayo mawili.

Kutokana na anguko hilo alianza kuwafundisha wanawake wenzake. Mwaka 2015 alianzisha mafunzo ya mtandaoni yaitwayo Live Richer Challenge, na mwaka 2021 akatoa kitabu, Get Good with Money, chenye hatua kumi. Miongoni mwa hatua hizo zimo bajeti, akiba, kulipa madeni, bima na uwekezaji. Imo pia hatua ya kuongeza kipato, maana anayeingiza kidogo mno hana cha kupanga.

Hata hivyo, pengine kazi yake iliyo kubwa kuliko zote haikufanyika darasani. Alishiriki kushinikiza itungwe sheria, na Januari 2019 jimbo la New Jersey liliidhinisha sheria inayotaka elimu ya fedha ifundishwe kwa wanafunzi wa darasa la sita hadi la nane. Tangu hapo, somo ambalo aliyekuwa na uwezo ndiye aliyelitafuta likawa haki ya kila mtoto wa shule ya umma.

Hapo ndipo penye funzo kwa Tanzania. Mtaala ulioboreshwa wa sekondari umeliweka somo la biashara miongoni mwa masomo ya lazima, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini mabinti wengi wanaokopa leo wamekwishatoka shuleni: ni mamalishe, wasusi na wauza mitumba, na mlango ulio karibu nao ni ule wa mkopo uliobatizwa mitaani jina la kausha damu.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma hao katika madaraja manne, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili. Tuchukue mfano wa mamalishe anayekopa Sh200,000. Kwa kiwango hicho, riba ya mwezi mmoja ni Sh7,000. Mkopeshaji wa mtaani akimtaka arejeshe Sh240,000 baada ya mwezi huo huo, riba ni Sh40,000, yaani karibu mara sita.

Binti aliyefundishwa ataiona tofauti hiyo kabla ya kutia saini, na hiyo ndiyo nguvu ya elimu. Lakini ikiwa mtoto anaumwa na mkopeshaji asiye na leseni ndiye pekee anayetoa fedha usiku huo, atatia saini huku akijua anaumia. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Hao hawakustawi kwa ujinga wa wakopaji tu. Walistawi pia kwa shida zao na kwa kuchelewa kwa usimamizi.

Kwa hiyo wajasiriamali wanaofundisha mabinti wastahili kuungwa mkono, ila wasiachiwe mzigo ambao si wao. Mwalimu anaweza kumfundisha binti kusoma mkataba. Kuhakikisha kwamba mkataba anaopewa ni halali ni kazi ya dola, na kazi hiyo haipaswi kusubiri hadi vyombo vya ndani vya mamalishe vimekwishabebwa.