Trekta Huenziwa, Trela Huachwa Mvuani

Barua ninayoijibu wiki hii imetoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Nairobi. Babake ni mwalimu mstaafu anayeishi upande wa Silibwet, kilomita chache kutoka mji wa Bomet. Mzee alipopata kiinua mgongo alinunua trekta kuukuu aina ya Massey Ferguson pamoja na trela ya magurudumu mawili, ile ambayo mbavu zake ngumu za mbao na chuma zimefungwa kwa bawaba na hukunjwa kuelekea chini wakati wa kupakua. Trela hiyo hubeba mawe ya ujenzi, mahindi, mbolea, na kuni zinazopelekwa kwenye viwanda vya majani chai kuchochea mitambo ya mvuke. Ndiyo iliyowasomesha watoto watatu wa nyumba hiyo, na wa nne ndiye huyu anayeniandikia.

Mwezi uliopita gurudumu la kushoto lilichomoka mteremkoni. Hakuna aliyeumia. Lakini mzee ameapa kwamba hataki tena kuiona, na amekwisha kuzungumza na wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Kijana anauliza: amwache auze, au amsihi aitengeneze? Na ikiwa ni kutengeneza, kwa kuwa yeye hana ujuzi na pesa ni chache, waanzie wapi?

Ndugu yangu, msihi mzee asubiri. Trela si mtambo wa ajabu. Haina injini wala sanduku la gia. Ina fremu, mkono wa kuvutia, ekseli, magurudumu mawili na sakafu yenye mbavu. Sehemu hizo zote zinaweza kukaguliwa kwa asubuhi moja uani kwenu, na nyingi hutengenezwa na mafundi wa jua kali walio umbali mfupi kutoka hapo. Anayenunua vyuma kwa kilo hatalipia kazi iliyomo, atalipia uzani tu.

Nimezunguka nchi hiyo ya majani chai mara kadhaa, kutoka Kericho hadi Litein, Kaplong na Bomet, na jambo moja hunishangaza. Trekta hulazwa ndani ya banda, ikafunikwa, ikabadilishiwa oili kwa tarehe. Trela huachwa nje chini ya mgravilea, imejaa matope na majani yaliyooza, mbavu moja ikining'inia. Na huko si Turkana! Mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, aghalabu alasiri, na mara nyingine huja na mvua ya mawe. Chuma kisichokauka hakikosi kutu, na mbao isiyokauka haikosi kuoza.

Anza na magurudumu, maana ndiyo yaliyomwogopesha mzee. Gurudumu huchomoka kwa sababu mbili za kawaida: nati zake zimelegea, au beringi zimekauka girisi, zikapata moto, zikavunjika na kuula mwisho wa ekseli. Ya pili ndiyo mbaya zaidi, na hutoa onyo kabla. Egesha trela mahali tambarare ikiwa bado imeungwa na trekta, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili, kisha inua kwa jeki na uweke kigogo imara chini ya ekseli. Usimwamini jeki peke yake hata kwa dakika moja. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, kuna kasoro. Lizungushe polepole usikilize. Beringi nzima hunyamaza, lakini iliyochakaa husaga kama jiwe la wimbi.

Fungua. Girisi iliyogeuka rangi kama maziwa imeingiwa na maji, jambo la kawaida kwa trela inayovuka vijito na madimbwi. Osha beringi kwa mafuta ya taa, zikaushe kwa kitambaa safi, uzitazame kwenye mwanga wa jua. Ukiona chuma kimegeuka samawati, ujue kiliungua. Ukiona vidonda vidogo vidogo, tupa. Na unaponunua mpya usiridhike na ile ya ndani tu huku ukiacha bakuli lake la zamani kwenye kitovu cha gurudumu. Vipande hivyo viwili huzeeka pamoja na hubadilishwa pamoja. Nunua pia mpira wa nyuma unaozuia maji, ambao bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na hasara inayoletwa na kukosekana kwake. Kifuniko cha mbele nacho kirudishwe. Nimeona trela zilizofungwa karatasi ya plastiki mahali pa kifuniko, nikacheka, lakini matope hayacheki.

Girisi hushindiliwa kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili wa beringi. Kupaka juu juu kama mafuta ya ngozi hakusaidii kitu. Halafu nati ya ekseli: ikaze huku unazungusha gurudumu mpaka uhisi linakuwa zito, kisha ilegeze kidogo hadi tundu lipatane na mwanya wa nati, na utie pini mpya ya kukunja. Pini ya zamani isinyooshwe ikatumiwa tena. Baada ya safari ya kilomita chache, shuka uguse kitovu. Kikiwa na uvuguvugu ni sawa. Kikichoma mkono, nati imekazwa mno, na usimwagie maji baridi kukipoza. Nati za tairi nazo zikazwe kwa kukingamisha, si kwa kuzunguka mduara, na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Pesa zikitosha kwa jambo moja tu mwezi huu, ziende hapo. Rangi ingoje.

Jambo la pili ni mkono wa kuvutia na mahali ulipoungwa na fremu. Safisha matope kwa brashi ya waya, kisha tafuta mstari mwembamba wa kutu nyekundu karibu na alama za kuchomelea. Mstari huo mara nyingi ni ufa. Mafundi wenye haraka hupitisha moto juu ya ufa na kupaka rangi, na baada ya miezi michache ufa hurudi. Fundi mwangalifu hutoboa kitundu kidogo kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kutambaa, huuchimba kwa mashine ya kusaga, hujaza kwa kuchomelea, kisha huongeza bamba. Bamba hilo lichongwe ncha kama almasi, lisikatwe mraba, kwa sababu mshono ulionyooka moja kwa moja kuvuka chuma huwa ndio mahali papya pa kukatikia. Mwambieni pia aweke waya wa arthi karibu kabisa na anapochomelea, umeme usipitie kwenye beringi mlizotoka kununua. Na kama trela imeungwa na trekta, ifungueni kwanza au mtenganishe betri.

Halafu kuna tundu la pini. Tundu likianza kuwa na umbo la yai, trela hugonga trekta kila mnapoondoka na kila mnaposimama, na kila kishindo huenda moja kwa moja kwenye zile nyufa. Tundu hujazwa chuma na kuchongwa upya, au pete nzima hubadilishwa. Pini iwe ya chuma kigumu na iwe na kifungo cha chini. Katika masoko ya huko nimeona kipande cha nondo ya ujenzi kikifanya kazi hiyo, kikiwa kimepinda kama ndizi. Nondo hiyo ikikatika mlimani, mzigo wote hurudi nyuma bila dereva. Ongezeni mnyororo wa usalama.

Sasa tuje kwenye mbavu, ambazo ndizo huwapa fahari wenye trela za aina hii. Uingereza na Marekani kuna familia ambazo trela yao ni chumba cha kulala wakati wa likizo. Kuta zake ngumu hulala safarini na husimamishwa wakifika. Ukiwasikiliza wenye vyumba hivyo, kilio chao ni kile kile cha mzee wa Silibwet: bawaba zimelegea, maji yameingia, mbao zimeoza pembeni. Popote ukuta unapokunjwa, maji hupata mlango.

Mbao hazianzi kuozea katikati. Huanzia kwenye ncha na chini ya bamba la chuma, mahali ambapo maji hukaa. Dunga ncha ya kisu. Ikizama bila shida, mbao hiyo imekwisha hata kama juu yake inang'aa rangi. Wengi Bomet hutumia mikaratusi kwa sababu iko kila mahali na ni migumu, lakini ikipasuliwa leo na kupigiliwa kesho itajipinda mpaka komeo likatae kufunga. Iacheni ikauke kwanza kwenye kivuli, ikiwa imepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Saiprasi ni nyepesi na hutulia upesi, ila haistahimili mawe. Kwa hiyo mimi ningetumia mikaratusi kwenye sakafu na saiprasi kwenye mbavu. Acheni nafasi ndogo baina ya mbao za sakafu, na ncha zote zipakwe rangi kabla hazijafungwa.

Wakulima wa majani chai hupokea mbolea ya NPK, na magunia hayo hubebwa kwa trela hizi hizi. Gunia moja likipasuka, punje huingia kwenye bawaba na kwenye viungo vya fremu, na chumvi yake ikichanganyika na unyevu hukila chuma kwa kasi ambayo mvua pekee haiwezi. Siku ya kubeba mbolea iwe siku ya kuosha trela kwa maji mengi, jioni hiyo hiyo, na kutia girisi kwenye bawaba. Oili chafu ya injini ambayo wengi hupaka mbao, isimwagwe ovyo. Maji ya huko huteremka hadi Mto Nyangores, ambao huungana na Amala kuwa Mto Mara, na watu na mifugo huyanywa njia nzima.

Komeo za mbavu ziwe na kipini kinachozizuia kufunguka zenyewe barabarani. Na wakati wa kupakua, asisimame mtu mbele ya ubavu. Mawe au mahindi yaliyoegemea ubavu huushusha kwa kishindo, na anayefungua hulalia kifua. Simama mwishoni mwa trela, fungua komeo la mbali kwa fimbo ikibidi, na watoto wawe mbali.

Nimeliacha la breki makusudi hadi hapa, kwa sababu ndilo ambalo dereva wa mzee huenda akabisha. Trela nyingi za mashambani hazina breki zake zenyewe. Trekta ndiyo huzuia vyote viwili. Trekta nyingi zina kanyagio mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, ili shambani iweze kupinda kwa ufupi. Barabarani kanyagio hizo lazima zifungwe pamoja kwa komeo lake. Zikiwa wazi na dereva akakanyaga moja, trela huisukuma trekta ubavuni na kuigeuza. Mteremko nao ushukwe kwa gia ndogo, ile ile ambayo ungepandia. Kutoa gia ili kuokoa dizeli ni ujanja wa gharama kubwa. Hakuna asiyekumbuka Juni 30, 2023, wakati lori lilipopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, na kuua zaidi ya watu 50, wengi wao wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara.

Mzigo nao una adabu yake. Katika trela ya magurudumu mawili, uzito uwe mbele kidogo ya ekseli, ili sehemu yake ikandamize magurudumu ya nyuma ya trekta na kuyapa mshiko. Ukirundika nyuma, mkono wa kuvutia hunyanyuka na magurudumu huanza kuteleza kwenye matope. Ukirundika mbele kupita kiasi, trekta huwa nyepesi mbele na usukani hausikii.

Watu wasipandwe juu ya mzigo. Najua wachumaji majani chai hupewa lifti jioni, na wanafunzi hudandia wakitoka shule. Dereva akisimama kuwakataza ataitwa mchoyo. Na aitwe.

Jambo la mwisho, ndugu mwanafunzi, ambalo unaweza kulifanya mwenyewe ukienda likizo: tazama kama trela ina nambari yake ya usajili. Kenya trela husajiliwa kando na trekta, na nambari zake huanza kwa herufi Z. Ikiwa babako alinunua bila karatasi, afuatilie sasa katika mamlaka ya NTSA, kabla fundi hajaanza kazi, kwa kuwa trela isiyo na karatasi huleta taabu kwa bima na kwa polisi hata ikiwa imetengenezwa vipi. Nunua pia vibandiko vya kuakisi mwanga, vyekundu vya nyuma na vyeupe vya mbele, na ubandike kwenye fremu badala ya ubavu. Ubavu ukikunjwa, vibandiko vilivyo juu yake hutazama chini.