Mlango wa Hoja na Sanduku la Kura

Lugha ya kompyuta, ijapokuwa hainenwi na kinywa cha mtu yeyote, ina sarufi yake na msamiati wake, na ikiisha kuenea huwa na umma wake pia. Na umma huo, kwa kuwa kazi zake za miaka mingi zimeandikwa kwa lugha hiyo, hauwezi kutulia pale kamati ya watu wachache inapoketi kuamua neno lipi liongezwe, lipi liondolewe, na lipi libadilishwe maana. Ndipo ilipojengeka desturi kwamba rasimu ya kanuni sanifu itangazwe hadharani kabla ya kupitishwa, na kila mwenye rai apewe nafasi ya kuileta. Sidhani kama yupo leo anayethubutu kuilaumu desturi hiyo. Suala linalostahili kupimwa ni jingine: umma huitwa ili utoe ilimu ambayo kamati haina, au huitwa ili utoe idhini? Mambo haya mawili aghalabu huchanganywa, na katika kuchanganywa kwake zimetoka hasara zilizoweza kuepukwa.

Tutazame kwanza lugha ya C, iliyotokea katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Dennis Ritchie, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa muda mrefu sheria yake ilikuwa ni kitabu kimoja tu, alichokitunga Ritchie pamoja na Brian Kernighan mwaka 1978; lakini kompaila, yaani programu zinazoigeuza lugha hiyo kuwa amri za mashine, zilipokuwa nyingi, na kila mtengenezaji akawa anakifasiri kitabu kile kwa ijtihadi yake, taasisi ya viwango ya Marekani, ANSI, iliunda kamati mwaka 1983 ili ikate shauri. Kamati ilikuwa na wajuzi, haikuwa na haraka, na ilifungwa na sharti ambalo naliona kuwa ndilo roho ya shughuli yote: pingamizi lililoletwa na umma kwa maandishi lilipaswa kujibiwa, na likikataliwa, mletaji aelezwe sababu.

Mwishoni mwa mwaka 1987, kazi ikiwa inakaribia kwisha, liliingizwa katika rasimu neno jipya, noalias. Makusudi yake yalikuwa mema. Katika C, majina mawili yanaweza kuelekeza mahali pamoja ndani ya kumbukumbu ya mashine. Na kompaila, isiyoweza kujua kwa yakini kama yanaelekeza pamoja au mbalimbali, hulazimika kwenda kwa hadhari, ikisoma upya tarakimu ambayo pengine haikubadilika hata kidogo. Waandishi wa hesabu za kisayansi, waliozoea wepesi wa lugha ya Fortran, waliuona mwendo huo kuwa ni kero. Neno noalias lilikuwa ni ahadi ya mwandishi kwa kompaila kwamba hapana jina jingine linaloelekea pale. Lakini mwezi Machi 1988 Ritchie mwenyewe aliiandikia kamati barua kali, akionyesha kwamba maana ya neno hilo, kwa jinsi ilivyoandikwa, haikusimama, na kwamba kompaila zingepata ruhusa ya kuziharibu programu ambazo mwandishi wake hakufanya kosa lolote. Neno hilo, alisema, halina budi kuondoka. Likaondoka. Kanuni zikapitishwa Desemba 1989 bila ya neno lile, na miaka 10 baadaye, katika kanuni za 1999, haja ile ile ikatimizwa kwa neno jingine, restrict, lenye maana iliyobanwa zaidi.

Barua ile haikushinda kwa wingi, maana ilikuwa moja. Jina la mwandishi wake bila shaka liliifanya isomwe upesi, wala haina insafu kulikana hilo. Lakini kilichoiwezesha kusimama ni kwamba hoja iliyomo ingeweza kupimwa na mtu yeyote mwenye rasimu mkononi, naye akaona kwa macho yake mahali palipopasuka. Lau kamati ingehesabu vichwa badala ya kupima hoja, wataka wepesi wangeweza kuwa wengi kuliko waliong'amua kasoro, na kasoro ingeingia katika sheria kwa kura halali kabisa.

Sasa tutazame Scheme, lugha ndogo iliyobuniwa na Guy Steele na Gerald Sussman katika chuo cha MIT mwaka 1975, ambayo kwa miaka mingi waandishi wa ripoti zake waliongozwa na ijmai: jambo haliingii illa wote wameridhia. Ripoti yao ya tano, iliyotoka mwaka 1998, ilikuwa na takriban kurasa 50 tu, na wepesi huo ukawa fahari yao. Lakini ijmai nayo ina gharama zake, na asiyezitaja hasemi kweli yote. Hawakuweza kuafikiana, kwa mfano, juu ya namna ya kuigawa programu kubwa katika moduli. Kila mtengenezaji akajifanyia yake, hata ikawa programu iliyoandikwa kwa Scheme ya mmoja haikubali kwenda kwa Scheme ya mwingine, ilhali zote mbili zinajinasibisha na ripoti moja. Ukimya wa kanuni uliwaacha watumiaji wakiteseka kimyakimya, kila mmoja kwa upande wake.

Kwa kutaka kuiondoa dhiki hiyo, wahariri wa ripoti ya sita walitangaza rasimu mwaka 2006, wakapokea maoni rasmi na kuyajibu kwa maandishi, na mwaka 2007 wakaipeleka rasimu ya mwisho kwenye kura. Aliyetaka kupiga kura alijiandikisha, akaeleza kwa aya moja au mbili sababu ya kuithamini lugha hiyo. Na sharti la kupita lilikuwa asilimia 60 ya kura. Waliokubali walikuwa karibu theluthi mbili, na waliokataa walizidi theluthi moja. Kwa hesabu, ripoti ilishinda.

Kwa matendo mambo yalikwenda vingine. Watengenezaji wa Scheme za MIT, Gambit na Chicken, zilizokuwa na watumiaji wao wa siku nyingi, hawakuifuata. Wengine waliifuata kwa bidii. Na jamii iliyokuwa imetawanyika ikapata mpaka mmoja zaidi wa kuigawa. Wahenga walisema wengi wape, usipowapa watajitwalia, na katika mambo ya mji maneno hayo yana hekima yake, kwa kuwa wachache wakikaidi wengi wana nguvu ya kuwalazimisha. Lakini kanuni za lugha ya kompyuta hazina askari wala mahakama. Mtengenezaji asiyezipenda huziacha tu, na watumiaji wake hubaki naye. Kura ya asilimia 60 ina nguvu pale tu aliyeshindwa anapokuwa hana pa kwenda.

Ili msomaji asidhani kwamba ugomvi ulikuwa wa kiburi tu, na tutwae jambo moja dogo. Katika ripoti ya tano, herufi kubwa na ndogo hazikutofautishwa katika majina: aliyeandika Jumla juu ya ukurasa na jumla chini yake alikuwa ametaja kitu kimoja. Ripoti ya sita iliyafanya majina hayo kuwa mawili. Badiliko hilo lina hoja nzuri, na lugha nyingi zimelikubali; lakini programu ya zamani iliyoandikwa kwa uzembe wa herufi, ikiisha kukabidhiwa kwa kompaila mpya, husimama na kulalamika kwamba jumla haijulikani, na mwenye kuitengeneza pengine si yule aliyeiandika. Mpiga kura hulipima badiliko kama hilo kwa uzuri wake. Mwenye programu huliona kwa mzigo wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliolala kitandani humo, yaani programu zilizokwisha andikwa na watu wanaozitunza, aghalabu hawamo katika daftari la wapiga kura.

Mzigo huo si wa kudharauliwa hata kwa lugha kubwa. Python ilitoa toleo lake la tatu mwaka 2008, likivunja kwa makusudi baadhi ya desturi za toleo la pili, na hata hivyo toleo la pili lilibidi kuendelea kutunzwa mpaka mwanzo wa mwaka 2020. Takriban miaka 11 ilipita watu wakihama kidogo kidogo kutoka nyumba moja kwenda nyingine ya mwenyewe yule yule.

Nitaulizwa: kama si kura, wala si ijmai, basi nani akate shauri? Kwa muda mrefu Python ilijibu kwamba mtu mmoja, Guido van Rossum, aliyeiasisi, asikilize wote kisha aamue peke yake. Jawabu hilo lilikuwa na baraka zake, lakini liliweka uzito wote juu ya bega moja. Na Julai 2018, baada ya mjadala mchungu juu ya alama moja ya kutia thamani katikati ya usemi, mwenyewe alitangaza kwamba anajiuzulu. Waliobaki wakachagua baraza la watu watano, lenye madaraka ya kuamua, nalo huchaguliwa na waundaji wakuu wa lugha hiyo. Hapa kura ipo, lakini ipo mahali pake: hutumika kuchagua waamuzi, wala haitumiki kuamua kama maana ya neno fulani inasimama au haisimami.

Wala tusidanganyike kwamba mlango uliofunguliwa umefunguliwa kwa wote sawasawa. Mijadala hii huendeshwa kwa Kiingereza, huchukua miezi, na humtaka mtu awe na wakati wa kusoma kurasa nyingi pasipo ujira. Na kanuni zinazotolewa na shirika la kimataifa la ISO huuzwa kwa fedha. Kijana wa Dar es Salaam au Mombasa anayepata riziki yake kwa Python au C hukutwa na badiliko likiwa limekwisha kuwa sheria. Kura ya hadhara haimsaidii, kwani hakuwamo. Sharti la kuijibu kila hoja laweza kumsaidia, kwa kuwa hoja moja iliyoandikwa vizuri na mtu mwingine mwenye shida kama yake itamtetea naye pia, hata kama hajui kwamba iliandikwa.

Jamii ya Scheme, baada ya mtihani wake, ilipata njia iliyo karibu na haki. Mwaka 2009 kamati yao ya uongozi iliamua kuigawa kazi mara mbili: lugha ndogo na lugha kubwa. Ile ndogo ilikamilika mwaka 2013, nao baadhi ya waliokuwa wameikataa ripoti ya sita, wakiwamo wale wa MIT, Gambit na Chicken, wakaipokea. Ile kubwa, miaka 10 baadaye, ilikuwa bado haijakamilika. Na sioni aibu katika kuchelewa huko, kwa sababu kuna mlango wa pili uliofunguliwa tangu 1998, ambapo mwenye pendekezo la nyongeza hulileta pamoja na programu inayolitekeleza, watu wakalijadili kwa siku zisizopungua 60, kisha likachapishwa bila ya kulazimishwa juu ya mtu. Likifaa, watengenezaji watalitwaa kwa hiari. Lisipofaa, litabaki katika daftari pasipo kumdhuru yeyote.

Basi hukumu yangu ni hii. Mlango wa hoja uachwe wazi kwa kila mtu, na kila hoja ijibiwe kwa sababu zilizoandikwa. Kila rasimu ifuatane na orodha ya programu za zamani zitakazovunjika, na wenye programu hizo waulizwe kwanza. Neno jipya lisiingie katika kiini cha lugha mpaka litekelezwe na watengenezaji wawili wasiotegemeana na kutumiwa kwa kazi za kweli. Baada ya hayo kura ipigwe kama watu wanaitaka. Nayo, ikipigwa wakati huo, haitakuwa na la kuamua isipokuwa kuthibitisha yale ambayo watumiaji wamekwisha kuyakubali kwa mikono yao.