AFYA NYUMBANI: Kapsuli Zilizobaki

Msimu wa mpunga ukifika sisi wa Kivukoni huhamia shambani na watoto. Tunabeba sufuria, mikeka, vyandarua na, tukiri tu, kapsuli za amoksilini zilizobaki mwaka jana. Zilibaki kwa sababu mgonjwa alipata nafuu, tukaacha kabla ya kumaliza siku tulizoandikiwa.

Sasa mtoto anakohoa. Tunafungua kapsuli na kumpa unga kwa kukisia! Mafua hayasikii dawa hiyo, wala malaria. Na kila tukiitumia ovyo, vijidudu huizoea, hata siku ya kichomi isifae kitu.

Afadhali tuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, huenda ni kichomi. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Twajua ndege wanangoja mpunga, lakini tangu daraja la Kilombero lizinduliwe mwaka 2018 hatungoji tena kivuko.

Huko tumweleze mganga kama penisilini iliwahi kumletea mtoto vipele au kumvimbisha uso. Akipewa dawa ya unga wa kuchanganya na maji, tutumie maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama ya chupa. Kambini hatuna friji, basi baada ya siku 7 isinyweke tena.

Na jirani akiomba kapsuli mbili anyunyizie kidonda, tumpe sabuni na maji safi.