Waraka kwa Washirika: Shamba la Nabothi

Wapendwa katika Bwana, hapa Endebess na ninyi wa Kitale na Bungoma mtakaofikiwa na waraka huu,

Nawaandikia majira ya kulima, kwa kuwa ndiyo majira mipaka inapohama. Trekta likipita, jiwe la mpaka husogea, na ugomvi uliolala tangu mavuno huamka.

Nataka tumtazame mfalme Ahabu. Tukimtaja, wengi hukimbilia Baali na Mlima Karmeli. Mimi siku hizi nasimama kwenye 1 Wafalme 21, kwa maana pale ndipo anapofanana nasi. Hakuanza kwa kunyang'anya. Aliomba kununua shamba la mizabibu la Nabothi, akaahidi jingine bora zaidi ama fedha. Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Basi mfalme mwenye nyumba ya pembe za ndovu akajilaza kitandani, akasusa chakula, kwa ajili ya bustani ya mboga!

Yaliyofuata tusiyapite haraka. Yezebeli, mke wa Ahabu, hakutuma askari. Aliandika barua kwa jina la mumewe, akaipiga muhuri, akaipeleka kwa wazee wa mji wa Nabothi mwenyewe. Nao wakatangaza mfungo. Mfungo, ndugu zangu! Wakamkalisha Nabothi mbele ya watu, wakaleta mashahidi wawili wa uongo, akapigwa mawe akafa. Ahabu hakuokota jiwe hata moja. Na wazee wale walikuwa majirani wa marehemu. Hatusomi kwamba hata mmoja aliuliza swali.

Udongo huu wetu umepita mikono mingi: wenyeji wa kale, walowezi, serikali na Shirika lake la Maendeleo ya Kilimo (ADC) lililoanzishwa 1965, kisha walionunua kwa vikundi na waliogawiwa. Kila mkono uliacha karatasi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilitaja mashamba ya ADC miongoni mwa ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria. Upande wa pili wa Mlima Elgon, kule Chebyuk, mpango ulioanza 1971 wa kuwapa makao watu waliotolewa Chepkitale ulifikia kumwaga damu kuanzia 2006, mpaka jeshi likaingia Machi 2008. Baadhi yenu mlizika watu huko. Sina haja ya kuwasimulia.

Lakini mara nyingi Ahabu haji na bunduki. Huja na barua ya kuorodhesha warithi, ambamo mjane hayumo, wala mabinti walioolewa, ingawa Sheria ya Urithi haimbagui binti na mwana.

Nakiri mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa, kama mzee wa kanisa, nitie sahihi barua ya namna hiyo. Nilijua marehemu alikuwa na mke wa pili na watoto watatu. Majina yao sikuyaona. Mezani palikuwa na chai na mkate, na ndugu za marehemu ni watu wanaotoa vizuri kwenye harambee zetu. Nikatia sahihi. Usiku ule niliomba kabla ya kulala, na maombi yalinitoka vizuri tu. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Ahabu alipokemewa na nabii Eliya alirarua mavazi, akavaa gunia, akafunga, na Mungu akaahirisha hukumu. Rehema ya ajabu. Ila nimeisoma sura ile mara nyingi nikitafuta mstari unaosema alirudisha shamba kwa watu wa Nabothi. Haupo.

Kwa hiyo nawasihi: mkiletewa karatasi, ulizeni nani hayumo. Mkikosa jibu, acheni kalamu mezani, hata kama anayewaomba ni ndugu yenu wa damu au mfadhili wa jengo la kanisa.

Mke yule wa pili amepeleka pingamizi mahakamani Kitale. Nitakwenda kusema kwamba sahihi ile ni yangu, na kwamba nilitia nikijua. Natafuta wengine wawili wanaowafahamu watoto wale tangu kuzaliwa. Kama unakumbuka, njoo nyumbani kwangu kabla ya Jumapili.

Ndimi mzee mwenzenu.